Juisi ya Boksi na Bibi Yako wa Muheza

Mwanangu Rukia,

Salamu sikuandikii, maana bado upo nyumbani. Nakusikia hapo uani unasukwa na Mwajuma, mnacheka, na mafuta ya nazi yananukia mpaka huku chumbani. Nimefunga mlango, nimemwambia baba yako asiruhusu mtu kunipigia hodi mpaka Magharibi. Kesho alfajiri utapanda basi la Tanga, na barua hii utaikuta ndani ya tranka, chini kabisa, chini ya sare. Nimeiweka huko makusudi. Nikiiweka juu utaifungua mbele yangu, na mie sina uso wa kukutazama ukiisoma.

Mambo ya kufua, ya kufunga tranka na kufuli, ya kutoazimana nguo za ndani, nimekwisha kukuambia mpaka umechoka. Humu hayamo. Humu nataka kukujibu maswali uliyonuna nayo tangu juzi.

Juzi tulikwenda dukani Tandika kununua vitu vya shule. Ukachukua maboksi mawili ya juisi ya chungwa ukayatia kapuni. Nikayatoa. Ukayarudisha. Nikayatoa tena, muuzaji anatutazama, ukaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, wenzangu wote wanakwenda nayo. Wewe unauza matunda maisha yako yote, juisi imekukosea nini?" Nikakuambia ufunge mdomo. Njia nzima ukatembea mbele yangu. Jioni baba yako akakuonyesha fomu ya shule, pale pa mlezi wa karibu ameandika jina la mama yake, bibi yako wa Muheza, kwamba likizo fupi utakwenda kwake. Ukasema, "Kwa bibi yule mie siendi. Bora nibaki bwenini peke yangu." Baba yako akaniangalia. Mie nikainamia mchele niliokuwa nachagua, kana kwamba una mawe kuliko siku zote.

Swali la juisi na swali la bibi jibu lake ni moja, na nimelikalia miaka kumi na miwili.

Wewe unajua ulivyoambiwa. Kwamba ulipokuwa mdogo bibi mzaa baba alikuja kukulea hapa Temeke, akakutia jicho, ukavimba, ukakaribia kufa, akaondolewa ndipo ukapona. Umekua na hadithi hiyo. Uliwasimulia hata wenzio wa madrasa, na mie nilikuwa naosha vyombo nakusikia, sikukukatiza. Sasa nikuambie ilivyokuwa.

Kiwanda cha nguo alichokuwa akifanya kazi baba yako kilianza kupunguza watu, naye akawa mmoja wao. Wewe ulikuwa na mwaka mmoja na miezi kidogo. Nilikuachisha ziwa mapema ili nirudi sokoni kwenye meza yangu ya matunda. Baba yako akamwandikia mama yake, akaja na kuku wawili na gunia la machungwa ya shambani kwake. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi, ana ulimi. Hata siku mbili hazijapita ameshaniambia sufuria zangu hazisuguliwi zikasuguka. Sikumpenda, nasema kweli. Nilimwona mtu wa shamba aliyekuja kunifundisha kazi nyumbani kwangu.

Kila asubuhi alikupikia uji wa mtama na karanga alizotwanga mwenyewe. Saa nne anakupondea ndizi. Mchana wali kidogo na kunde, au dagaa aliowasaga wakawa unga. Chungwa hakulikamua. Alilimenya, akaondoa ile ngozi ya ndani na kokwa, akakupa nyama yake kidogo kidogo, wewe unahangaika nayo na vijino vyako vinne, juisi inakutiririka mpaka kwenye kiwiko. Nikamwuliza kwa nini asikukamulie ukanywa yakaisha. Akasema, "Nimkamulie machungwa matano ayanywe kwa mkupuo, hamu ya uji ataipata wapi?" Nikaona ni maneno ya kizamani.

Siku zile ndipo maduka yalipoanza kujaa. Huwezi kuelewa, wewe umezaliwa vitu vikirudi. Sie tulikuwa tumetoka kwenye foleni za sukari, tulikuwa tumefua nguo kwa majani ya mpapai kwa kukosa sabuni. Ghafla rafu zimejaa vitu vya rangi zote kutoka Uarabuni, na ruksa mtu kununua. Nilikuwa nasimama mlangoni mwa duka natazama tu, sina hata shida ya kitu. Na juisi ya boksi ndiyo ilikuwa mfalme wao. Ukienda kumwona mzazi, unambebea boksi. Ukienda kumwona mgonjwa, boksi. Mama Sada, jirani yetu ambaye mumewe alikuwa akileta mizigo kutoka Dubai, aliyapanga maboksi kwenye kabati la vioo pamoja na vikombe vyake vya harusi, na yakiisha aliyaacha matupu pale pale wageni wayaone. Mwanawe alikuwa mnene, mashavu yamejaa. Nikasema na wangu atakunywa.

Basi, mwanangu, machungwa aliyokuletea bibi yako, yale ya kwenye gunia, nikawa nayachukua kidogo kidogo nayapeleka mezani, nayapanga mafungu, nayauza. Kilichopatikana nikanunulia juisi ya chungwa ya boksi. Niliuza machungwa ili nikununulie picha ya machungwa. Na nikirudi nyumbani na lile boksi kwapani nilitembea taratibu ili watu wa mtaa wanione.

Bibi yako akaionja, akaitema. "Hii ni sukari na rangi," akasema. "Chungwa limepita hapa mbio." Nikamjibu, "Mama, soma kwanza maandishi ndipo useme." Nilijua hajui kusoma. Na mie mwenyewe sikuwa nimeyasoma. Yalikuwa Kiingereza na Kiarabu, na Kiingereza changu unakijua kiliishia wapi.

Alipokataa kukupa, nikakuondoa mikononi mwake. Nikawa nakwenda nawe sokoni, nakulaza kwenye kanga chini ya meza, chupa yako ya kunyonyea imejaa juisi. Ulikuwa hulii. Hilo lilinifurahisha kuliko yote: unakunywa, unalala, unaamka, unakunywa. Jioni bibi akikupa uji unageuza uso, nami nikadhani umeuchoka uji kama mie nilivyomchoka mpishi wake. Tumbo lilikuwa limejaa utamu. Mtoto gani ataacha utamu afuate mtama?

Baada ya kama miezi mitatu ukaanza kunona. Ndivyo nilivyoona mie. Uso ukajaa, miguu ikajaa, kina mama wa sokoni wakawa wanakupokezana, "Mwana wa Mama Rukia kanona huyo, mashaallah." Nywele zikawa laini, zikageuka rangi kama kahawia, nikawaambia watu umerithi damu ya nyanya yangu aliyekuwa na Uarabu. Nilikuwa nakupaka mafuta nakupitisha barazani kwa Mama Sada ili akuone. Usicheke. Au cheka, mie nimeshalia ya kutosha kwa jambo hilo.

Jioni moja bibi yako alikupakata mkekani, akakubonyeza mguu kwa kidole gumba. Akakiondoa kidole, shimo likabaki. Akaniita, akanishika mkono, akanibonyezesha mwenyewe. Shimo likabaki tena. Akaniambia taratibu, bila ile kelele yake, "Mwanangu, huyu hajanona. Huyu kavimba. Twende hospitali."

Nikasimama nikamwambia amekutia jicho. Mbele ya baba yako. Nikasema hakuna mtu mwema anayembonyeza mtoto akamtabiria ugonjwa. Nikakufunga hirizi mkononi, hospitali sikukupeleka. Siku nne, Rukia. Siku nne hukulia kwa sababu nguvu ya kulia huna, na mie nasema mtoto katulia.

Siku ya tano sikwenda nawe sokoni kwa sababu kulikuwa na mvua. Nilipogeuza mgongo tu, bibi yako akakufunga kwa kanga mgongoni, akakupeleka hospitali kwa miguu, mji wenyewe haujui, anauliza njia kwa kila anayekutana naye. Jirani akanifuata mezani kunipa habari. Nikakimbia. Na unajua nilikwenda na nini mkononi? Na boksi la juisi. Si nakwenda kumwona mgonjwa?

Muuguzi alikuwa mama wa makamo kutoka bara, anasema polepole. Akaliona lile boksi, akaniuliza, "Hiki ndicho chakula chake?" Nikasema ndiyo, kila siku, hata usingizini. Nilisema kwa kujivuna. Akalichukua, akaligeuza upande wenye maandishi madogo, akanisomea kwa Kiswahili neno moja moja. Maji. Sukari. Kitu cha kuleta ukali. Rangi. Kitu cha kuleta harufu ya chungwa. Juisi ya chungwa lenyewe ilikuwapo, kidogo, imeandikwa kama mtu aliyekaribishwa mwisho. "Hapa hakuna cha kumjenga mtoto," akasema. "Na hata yangekuwa machungwa matupu, mama, mtoto hakui kwa maji ya tunda. Anataka kunde, dagaa, karanga, maziwa ukiyapata. Tunda ale na nyama yake. Hii inamjaza tu, na akijaa hali chakula." Akanitajia ugonjwa: kwashakoo. Mie nilidhani huo ni ugonjwa wa watu wa njaa. Meza yangu ina maparachichi na mapapai na ndizi, na mwanangu kalazwa kwa kukosa chakula.

Kisha akamgeukia bibi yako, aliyekuwa amekaa sakafuni karibu na mlango, miguu matope mpaka magotini, akamwambia, "Bibi, umemwahi." Neno hilo nimelisikia kwa masikio yangu.

Ulilala hospitali wiki tatu. Uvimbe ulipotoka ndipo nilipoona mtoto wangu alivyokwisha. Nilikuwa naogopa kukubeba. Tukarudi nyumbani, na majirani wakaja, kila mmoja na boksi lake. Mama Sada akaniuliza, "Hasa nini kilimpata mtoto?" Nafasi ilikuwa hiyo. Nikayatazama yale maboksi yamepangwa mkekani, nikawatazama watu, nikasema, "Si mnajua tena, watu wengine wana macho." Sikumtaja. Wote waligeuka wakamtazama aliyekuwa jikoni anakoroga uji wako.

Baadaye baba yako akaniuliza faraghani hospitali walisemaje. Yeye siku zile alikuwa akihangaika na vibarua bandarini, hakusikia chochote. Nikamwambia wamesema uji ndio ulikuharibu tumbo, na lililobaki ni jicho. Akaniuliza, "Muuguzi kasema hivyo?" Nikasema kasema hivyo. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu, mwanangu, imekuwa ndefu mno, nami ningeshukuru kama ingekatika siku ile ile.

Kesho yake baba yako alimpeleka mama yake stendi bila kumtazama usoni. Mtu mwenye ulimi vile, hakujitetea. Mpaka leo sijui kwa nini. Nafikiri alijua kwamba akisema, mie nitamshindia kwa kelele, na katikati ya kelele hizo wewe hutakula. Alisimama mlangoni na kapu lake, akaniambia, "Uji wake usiache kutia karanga," akaondoka.

Sikuacha. Nilikupikia uji wa mtama na karanga mpaka ulipoanza darasa la kwanza, kwa kipimo chake, nikiulizwa nasema nimefundishwa kliniki. Boksi la juisi sikulikubali tena ndani ya nyumba hii. Wageni wakileta nawapa wapangaji wengine. Ukaniita bahili, ukasema mama anawaonea gere wenye maduka, nikakuacha useme. Na kila msimu, dereva wa lori kutoka Muheza hunishushia sokoni gunia lililoshonwa kwa katani, ananiambia, "La mjukuu hilo." Yale machungwa uliyokuwa unakula ukasema mama leo umechagua mazuri, hayakuwa ya mezani kwangu. Nilikuwa nayahamishia kwenye tenga langu kabla hujarudi kutoka shule. Umekula kwa mkono wa bibi yako miaka yote, na mkono huo nimekufundisha kuuogopa.

Sasa juisi sikukatazi. Utakwenda kwa watu utapewa, utakunywa, si sumu. Siku hizi mengine yameandikwa ni tunda tupu, na huenda kweli. Lakini wewe Kiingereza unacho, geuza boksi usome nyuma, picha ya mbele haikuhusu. Mie muuza soko ndiye nilipaswa kulijua hilo kabla ya watu wote, maana chungwa zuri naliweka juu ya fungu na lililopondeka naliweka chini, kila siku ya Mungu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nimelisema hilo kwa wateja mara ngapi. Na ukipata chungwa lenyewe, lile ulitafune. Utashiba kwa moja, na tumbo litabaki na nafasi ya maharage ya shule, hata kama yana wadudu.

Wiki iliyopita majina yalipotoka, ukapangiwa Tanga, mie nilikaa chini pale pale. Shule zote za nchi hii, upelekwe mlangoni kwa bibi yako. Nikamwambia baba yako yote. Alikuwa anarekebisha jiko la mkaa. Aliliweka chini, akavaa kofia, akatoka. Aliporudi akasema, "Kila Idd nakwenda kwa mama yangu kama mgeni. Nakunywa chai, naangalia saa, narudi. Na hajaniambia neno." Kisha akasema, "Mtoto utamwambia mwenyewe." Tangu hapo ananijibu ninapouliza, basi. Na jina la mama yake kaliandika kwenye fomu bila kunishauri, na ana haki.

Nimeanza kukukumbuka na hujaondoka. Asubuhi ya leo nimekoroga uji wa watu watatu nikajiuliza kesho kutwa nitakoroga wa nani. Jumamosi nani atakuja kunipokea meza nikaswali Adhuhuri, nani atamjibu mteja mkorofi kabla yangu. Hata kununa kwako nitakutamani. Na kuna mwingine ninayemkumbuka, utashangaa. Nikisugua sufuria nasikia ulimi wake. Mama yangu mimi alikufa nikiwa mdogo, hakuwepo mtu wa kuniambia sufuria hazijasuguka. Yule alikuja kuniambia, nami nikamfukuza.

Naogopa, Rukia. Naogopa ukimjua utampenda, na ukishampenda utaniona mie kama nilivyo, halafu likizo ndefu utaomba ubaki kule. Kama ni hivyo, baki. Nitalia, lakini haitakuwa haki yangu kukukatalia. Lililo baya zaidi kwangu ni wewe kukaa shuleni, mwendo mfupi kutoka kwake, unamwogopa mtu aliyekubeba mgongoni kwenye mvua. Amezeeka. Baba yako anasema macho yamepungua nuru, anamtambua mtu kwa sauti. Sauti yako hajaisikia tangu ulipokuwa huwezi kusema.

Kwa hiyo likizo fupi nenda kwake. Barua hii ichukue umsomee, yote, usiruke pale panaponiaibisha. Akitaka umrudie mahali, mrudie.

Ukimaliza, mwambie, "Mama anakuamkia. Anasema shikamoo." Siku aliyoondoka sikumuaga, na tangu hapo sijamwamkia. Halafu nyamaza, usimharakishe, usimsaidie kujibu. Akisema marahaba, niandikie. Asiposema, niandikie pia.

Mama yako